Na Mpaka Leo Anaweza

Mwandiko wangu mzuri umenitia matatani mara moja tu maishani, na mara hiyo moja inatosha. Mpaka sasa nikishika kalamu kuandika habari za mtu mwingine, hata kadi ya mwaliko, mkono unasita kwanza. Wanangu hunicheka. Wanasema mama alizaliwa na wasiwasi wake. Sibishi. Mimi hodi ikibishwa mlangoni naanza kuhesabu nani anaumwa. Lakini wasiwasi wa kuandika sikuzaliwa nao. Huo niliupata kijijini kwetu, upande wa Mazingara, miaka ile ya vijiji, nilipomwandikia sifa mzee mmoja nikidhani ninampa heshima, kumbe nilikuwa namchongea.

Mzee huyo alikuwa Mzungu. Nalisema mapema msije mkadhani nimelificha. Alikuwa Mpolandi. Nchi yake ilivamiwa akiwa kijana, akakimbilia kwa Waingereza, nao wakamtia katika ndege za mabomu. Hakuwa rubani, wala si yeye aliyeangusha mabomu yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuonyesha njia. Vita vilipokwisha hakuwa na nyumba ya kurudi, akaja Tanganyika kumfuata dada yake aliyekuwa amehifadhiwa huku pamoja na wakimbizi wenzake. Alipofika akaonyeshwa kaburi. Basi akabaki. Akapata kazi katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, kazi ya kupima mistari ya kupandia, na baba yangu akawa mshika mnyororo wake.

Ule mnyororo ulikuwa wa kupimia ardhi. Mzee alishika ncha moja na baba nyingine, wakatembea hivyo miaka kumi na zaidi, mmoja mbele na mmoja nyuma. Baba alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa na mkataba wa manamba, mama yangu Mzigua wa huku Handeni, na mzee hakuwa na mke wala mtoto. Jumapili alikula kwetu. Mimi nilimwamkia shikamoo kama nilivyomwamkia baba, naye alinijibu marahaba mwanangu, na sikuona ajabu yoyote.

Mchezo wetu ulikuwa mmoja. Nilipokuwa binti mdogo aliniweka mbele ya ofisi ya shamba, akanifunga macho kwa kitambaa, akasema, "Nipeleke nyumbani kwangu." Nilianza kwa kupapasa, nikagonga ngazi, nikalia. Akanifundisha kuhesabu. Kutoka ofisini hadi kwenye tangi la maji hatua mia tatu na kumi, hatua zake yeye, kisha kulia, kisha mlango. Alitembea kando yangu akihesabu kwa sauti nami nikihesabu naye, na tulipofika mia tatu na kumi nilipinda kulia, nikanyoosha mkono, nikaukuta mlango. Sijapata kufurahi vile tena, hata siku ya cheti changu cha ualimu.

"Mtu wa mbele kwenye ndege anaona lakini hajui alipo," aliniambia. "Mimi nilikuwa nyuma ya pazia jeusi, na meza na penseli na taa ndogo. Sikuona kitu. Lakini nilijua." Hayo ndiyo aliyopenda kuyasema ya vita. Mengine hayakumtoka kirahisi. Siku moja baba alimuuliza kama walishinda, akajibu, "Nilirudi." Akala ugali wake, kisha akasema kwamba katika safari zile zote za usiku, chini kulikuwa na watu wamelala, na yeye ndiye aliyesema ni hapa. Mama akaondoa vyombo. Hatukumuuliza tena.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengine wa shamba walifunga masanduku. Yeye alipanda basi kwenda kuapa uraia, akarudi na cheti amekikunja vizuri, akakiweka katika kopo la biskuti pamoja na kitabu cha safari zake za ndege. Baadaye mashamba yakawa ya umma, na mkonge nao ukashuka bei kwa sababu ya kamba za nailoni, watu wakapunguzwa. Baba akasema twende kwa wakwe zake Handeni, kule kuna ardhi. Mzee akauliza kama kwa wakwe kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Ndivyo alivyofika kijijini, juu ya lori, amekaa juu ya gunia la vyombo vyetu na kofia yake ya majani.

Tulipofika ndipo operesheni ya vijiji ilipoanza. Watu waliokuwa wametawanyika porini walitakiwa wakae pamoja, nyumba kwa mistari. Vigingi vya viwanja vilikuwa vimeshapigwa tayari, na mzee alipoviona akatikisa kichwa. Vilikuwa kwenye udongo mweusi, ule unaomeza ng'ombe masika. Alikwenda kumwona mwenyekiti wa kijiji na kamba ya katani begani, wakazunguka siku tatu, na mstari ukahamishiwa kwenye mwinuko. Masika ya kwanza kule chini kulikuwa ziwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Mzungu mbele yangu. Alirekebisha mashine ya kusaga ilipogoma, akachora ramani ya viwanja vyote ili watu wasigombane mipaka, na jioni akawafundisha hesabu kina mama wa elimu ya watu wazima, ambao walimcheka matamshi yake na kumletea kunde.

Mwenyekiti alikuwa Mzigua, askari wa zamani aliyekwenda vitani Burma na jeshi la Mwingereza. Kwa kuwa baba yangu alikuwa Mnyamwezi, mimi kwake nilikuwa mtani, na Mzigua na Mnyamwezi wakishakutana hakuna siri ya mtu inayobaki. Aliposikia kazi ya mzee ndani ya ndege alisema, "Kumbe ulikuwa utingo." Mzee akasema ndiyo, utingo hasa, wa kumwambia dereva kata kushoto, kata kulia. Wakacheka mpaka wakakohoa. Wale wawili walipendana sana.

Baba alifariki mwaka wa pili wa kijiji. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa kufundisha pale pale shuleni. Siku zake za mwisho aliniambia neno moja kuhusu mzee: "Yule hana mtu. Asikose mtu." Nikaitikia. Mtu anayekufa unamwitikia upesi, halafu unabaki na kazi.

Miezi michache baadaye nikamkuta mzee kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, saa sita ya mchana, ameshika debe la unga. Alikuwa ametoka mashineni anakwenda kwake, na kwake ni upande wa pili kabisa. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za huku. "Natembea kidogo," akasema. Macho yake yaliniambia mengine. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku aliyokufa baba. Wiki nyingine nikamkuta katikati ya mashamba. Kisha mara ya tatu. Nikabuni ujanja. Kila jioni nilipita alipo nikamwambia, "Mzee, nisindikize." Yeye akavaa kofia, akanisindikiza, nami nikatembea nusu hatua mbele mpaka mlangoni kwake, tukaagana hapo kana kwamba ni kwangu. Hakuuliza. Sikusema. Mtu aliyeishi kwa kujua njia, utaanzaje kumwambia kwamba njia imemtoka?

Hiyo ndiyo siri niliyokuwa nayo siku mwenyekiti aliponiita niandike barua.

Ilikuwa imekuja taarifa kwamba kila kijiji kipeleke jina la mzee mmoja aliyetumikia vitani na kujenga jamii yake, apewe heshima kwenye sikukuu ya wakulima. Mwenyekiti angeweza kutaja jina lake mwenyewe, kovu la risasi analo mguuni. Hakulitaja. Aliwaambia wazee wa kamati, "Mimi nilibeba masanduku ya risasi. Mwenzangu alibeba ndege nzima kichwani." Wote wakakubali. Mzee hakutaka. Alisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenyekiti akamjibu kwamba yeye hata tembo lenyewe halinywi, atalitiaje maji, akae chini asifiwe.

Basi nikakaa na karatasi ndefu ya mistari, wazee wakisema nami nikiandika. Nikaandika vita. Nikaandika mstari wa nyumba, mashine, ramani, kina mama na hesabu zao. Ikaja sentensi ya mwisho. Mwenyekiti akafumba macho, akatoa maneno polepole kama anayehutubia: "Ndugu huyu aliongoza ndege za mabomu usiku, bila taa, kutoka mbali sana mpaka palipotakiwa. Na mpaka leo anaweza."

Kalamu ikasimama. Nikasema, mwenyekiti, hilo la mwisho tuliache.

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu ambalo lisingemvua mzee nguo. Nikasema barua imekuwa ndefu.

"Mtani wangu, hujui mila," akasema, na wazee wakaanza kutabasamu. "Mtu akisifiwa ya jana tu, hayo ni matanga. Aliye hai anasifiwa na la leo. Ukiishia hapo utakuwa umemzika mzee wa watu na uji wake hajamaliza."

Wazee wote wakasema kweli. Na ni kweli, ndivyo wanavyosifu huku. Bibi mzaa mama akisifiwa kwa kulima lazima useme na leo ameamkia shamba, hata kama ameamkia kikohozi. Nikaandika. Nilitazama maneno yale yamekaa vizuri kwenye mstari, herufi zimelala upande mmoja, nikajiambia wasiwasi wako utakuua bure. Barua ikaondoka na basi la asubuhi.

Sasa niwakumbushe wakati wenyewe. Kusini jirani zetu walikuwa wanapigana na Mreno, na redio ilikuwa inatuonya kila siku. Vijana walifanya mazoezi ya mgambo na bunduki za miti kwenye uwanja wa shule. Darasani nilikuwa na picha ukutani iliyosema adui ana masikio. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto waripoti mgeni yeyote mwenye ramani. Haikunijia kabisa kuunganisha mambo hayo mawili mpaka wiki moja baada ya barua kuondoka, nikiwa nasahihisha madaftari. Nikaiona sentensi yangu kama atakavyoisoma mtu asiyetujua: Mzungu, ndege za mabomu, usiku bila taa, na mpaka leo anaweza.

Nilikwenda kwa mwenyekiti mbio. Akasikiliza, akakuna kidevu. "Wataelewa," akasema. Lakini hakutania, na mtani asipotania ujue mambo yamekuwa mazito. Maji yalikuwa yameshamwagika. Siku zilizofuata sikula vizuri. Kila gari lililopita barabarani nilitoka nje kulitazama. Nilimsindikiza mzee jioni nikimjibu hivyo hivyo, ndiyo mzee, hapana mzee, nikawaza wakimchukua wakampeleka mahali asipopajua, nani atamwambia nisindikize? Atatoka mlangoni siku ya kwanza na hatarudi. Neno la baba lilikuwa halinipi usingizi.

Landrova ilikuja siku ya Alhamisi, watoto wakiwa kwenye mapumziko.

Akashuka afisa mmoja kijana na dereva wake. Sikupata kujua hasa alikuwa wa ofisi gani, na siku ile hakuna aliyethubutu kuuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa mpole, na upole ule ulinitisha zaidi. Alimwamkia mzee shikamoo, akamwomba alete vitu vyake. Tukakaa katika darasa langu, mimi, mwenyekiti na mzee kwenye benchi la mbele kama wanafunzi, yeye kwenye meza yangu. Akafungua kopo la biskuti. Akaweka cheti cha uraia upande huu, kitabu cha safari za ndege upande ule, na katikati akaitandaza ile ramani ya viwanja: shule, mashine, lambo, nyumba zote, kila kitu na umbali wake. Juu yake akaweka barua.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Mzuri sana." Akasoma sentensi ya mwisho kwa sauti, taratibu. "Ndugu mwalimu, unathibitisha haya? Kwamba mzee huyu, leo hii, anaweza kuelekeza ndege ya mabomu usiku mpaka palipotakiwa?"

Nilimwangalia mwenyekiti, naye aliangalia sakafu. Tukisema anaweza, tumemfunga. Tukisema hawezi, kijiji kizima kimeandika uongo kwenye barua ya serikali, na bado afisa atajiuliza kwa nini tunamficha.

"Ni sifa tu," mwenyekiti akasema mwishowe. "Ndivyo tunavyosema kwetu."

"Sifa," afisa akasema. Akaanza kukunja ramani. Akaeleza kwa adabu kwamba hamlaumu mtu, ila mzee ataondoka naye leo, akae mjini wakati mambo yanachunguzwa, na baada ya hapo huenda akatafutiwa mahali pengine pa kuishi, mbali kidogo na kijiji chenye mgambo. Akamwambia achukue nguo za kutosha.

Mzee akainuka. Hakubisha. Aliweka kofia kichwani akageuka kuutafuta mlango, na mlango ulikuwa mmoja tu, lakini nilimwona anasita, anatazama dirisha, anatazama kabati.

"Anapotea," nikasema.

Afisa akaniangalia.

"Mzee anapotea, ndugu. Hawezi kutoka mashineni akafika kwake. Mimi humrudisha kila jioni, ni miezi sasa. Hata hapa kijijini alipopima mwenyewe, anapotea." Maneno yalikuwa yakinitoka na machozi. "Hiyo sentensi si kweli. Nilijua si kweli nikaiandika."

Sikumtazama mzee. Nilimsikia tu akivuta pumzi. Mwenyekiti akanigeukia, na kwa uso wake nikajua hakuwa na habari hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa rafiki yake ana ukoma.

Afisa akafikiri. Hakuwa mjinga, mtu yeyote angeweza kulia na kusema hivyo. "Basi ni rahisi," akasema. "Mzee, tafadhali nenda nyumbani kwako. Peke yako. Sisi tutabaki hapa tukitazama. Asikusaidie mtu."

Kutoka shuleni hadi kwake si mbali. Unashuka njia moja, unapita mashine, unakuta njia panda: kulia ni mstari wa nyumba, na ya kwake ni ya tatu. Ukinyoosha mbele unaingia mashamba ya ufuta. Watoto walikuwa wamesimama uwanjani, kina mama wa mashineni nao wakatoka na unga nyusoni. Walimu wenzangu walikuwa barazani. Mzee akashuka ngazi, akanyoosha mgongo, akaanza. Alitembea vizuri, hatua sawa sawa, mikono nyuma. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilijua anahesabu.

Niliomba Mungu, na mpaka leo nina haya kusema niliomba nini. Kama angefika kwake, angechukuliwa. Niliomba apotee. Mtu aliyenifundisha kutembea nimefumba macho, nilisimama barazani nikamwombea apotee mbele ya watu wote.

Akafika njia panda. Hakupunguza hata mwendo, akanyoosha mbele. Mama mmoja akasema "Mzee," kwa sauti ndogo, mwenzake akamshika mkono. Akaingia kwenye ufuta, nao ulikuwa umemfika kifuani. Akaenda, akaenda, kisha akasimama, akageuka kulia kama askari gwarideni. Akapiga hatua chache. Akanyoosha mkono wake mbele, wazi, akausukuma, na hapakuwa na kitu pale ila ufuta. Akausukuma tena.

Afisa akavua kofia yake. "Mfuateni," akasema. Alirudisha vitu ndani ya kopo mwenyewe, akaandika maneno machache pembeni mwa barua yangu, akasema mzee asisumbuliwe. Sikuyasoma aliyoandika. Jina la mzee halikusomwa sikukuu ya wakulima wala sikukuu nyingine, na sisi hatukulituma tena.

Jioni nilimpelekea uji. Nilikaa kwanza nyuma ya nyumba yake nikijipanga maneno ya kuomba radhi, nikaona hayapangiki, nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kopo la biskuti mapajani. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikapiga magoti, nikaanza, "Mzee, leo nimekuvunjia heshima," na sikufika mbali.

"Heshima gani?" Alikuwa anatabasamu. Macho yake yaling'aa kwa ujanja, kama zamani akimshinda baba bao. "Wewe ulidhani nimepotea?"

Nikainua macho.

"Nilifanya makusudi, mwanangu. Ulishawasha moto, nami nikauchochea. Yule kijana nimempoteza njia kabisa." Akanipiga bega. "Nyumbani kwangu nisipajue? Hatua mia tatu na kumi, kisha kulia, kisha mlango. Nani asiyejua?"

Bakuli la uji lilikuwa mkononi mwangu, nikaliweka chini lisimwagike. Mia tatu na kumi ilikuwa Korogwe. Ilikuwa kutoka ofisi ya shamba hadi kwenye tangi la maji, kwenye nyumba aliyoiacha miaka mingi. Kesho yake asubuhi, maana mimi siwezi kuacha jambo likatulia, nilitoka shuleni nikatembea kwa hatua ndefu kama zake, nikihesabu. Njia panda niliikuta hata mia moja na hamsini haijafika. Mia tatu na kumi iliniweka katikati ya ufuta, mahali hasa mashina yalipovunjika. Mtu wa watu alikuwa amefika nyumbani kwake, akasukuma mlango.

Lakini hayo ni ya kesho yake. Jioni ile nilibaki nimepiga magoti, yeye ananitazama akingoja nishangae.

"Kumbe, mzee," nikasema. "Umetuweza wote."

Akacheka. Akanywa uji wote.

Nilimsindikiza, au alinisindikiza, mwaka mmoja na nusu zaidi. Siku zile hata mwenyekiti alishika zamu, naye alimwambia, "Utingo, nitoe hapa, nimepotea," wakaenda wameshikana mikono. Mzee alikufa kitandani kwake, mlango umefunguliwa, mchana wa jua. Wakatoliki wachache tuliotoka nao mashambani walimwombea shuleni, na kaburi likachimbwa nyuma ya nyumba yake, karibu na la baba.

Hofu yangu siku ya maziko ilikuwa ya watani. Msibani mtani ana ruhusa. Humwigiza marehemu, mwendo wake, sauti yake, hata aibu zake, na hakuna wa kukasirika. Mzee hakuwa na kabila la kutaniwa huku, lakini mwenyekiti alisema mtu aliyekuja juu ya lori la Mnyamwezi ni Mnyamwezi. Akavaa kofia ya majani ya mzee, akashika rula yake ya kuchorea ramani, akatangulia mbele ya jeneza akiwa ameweka mikono nyuma, midomo inacheza. "Moja, mbili, tatu." Watu wakaanza kucheka, maana alimpatia hasa, mpaka yale matamshi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiitazama njia panda inavyokaribia.

Akafika, akasimama. Jeneza nalo likasimama. Akatazama mbele, kwenye ufuta, akainua mguu, akauacha hewani. Hakuna aliyekuwa ameisahau siku ile. Nikasema moyoni, mtani, usifanye hivyo, nakuomba.

Akageuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu. "Huyu Mnyamwezi," akasema akininyooshea rula, "ndiye aliyesema mzee anapotea."

Kisha akapinda kulia, akatupeleka moja kwa moja mpaka kaburini.

Walinipa nisome habari za maisha yake. Nilikuwa nimeandika kwa uangalifu, kila neno nimelipima mara tatu: vita, Korogwe, mnyororo, mstari wa nyumba, kina mama na hesabu zao. Karatasini nilikuwa nimeishia hapo, kwa woga. Nikatazama watu. Nikaikunja karatasi, nikasema kwa mdomo kwamba ndugu yetu huyu aliongoza ndege usiku, bila taa, na mpaka siku ya mwisho alijua nyumbani kwake ni wapi.

Hakuna aliyebisha.